Kupokezana Mtoto Maegeshoni

Mwaka ule daraja lilipoanguka mtoni huku Marekani, watu wengi walilia kwa sababu za maana. Mimi nililia kwa sababu mume wangu alianza kuchelewa.

Waliokufa niliwaombea kanisani kama wengine, Mungu anajua. Lakini sisi tuliobaki hai tuliachiwa foleni. Magari yote yaliyokuwa yakipita pale darajani yalihamia kwenye barabara ile ile aliyoitegemea mume wangu kutoka Plymouth, alikokuwa akipanga maboksi kiwandani, mpaka Maplewood, nilikokuwa nikiogesha wazee. Nyumbani kwetu kulikuwa Brooklyn Center, katikati ya kazi zetu mbili. Najua unachotaka kusema. Si mngekutana nyumbani? Kila mtu aliniambia hivyo. Kazi yake iliisha saa tisa kasorobo, yangu ilianza tisa na nusu. Nikimsubiri nyumbani, nimechelewa. Kwa hiyo nilimfunga binti yetu kwenye kiti chake nyuma ya gari langu, nikaendesha naye mpaka kazini, na baba yake akaja moja kwa moja kutoka kiwandani kumpokea kwenye maegesho. Mlango huu unafunguliwa, mlango ule unafunguliwa, mtoto anatoka huku anaingia kule, mfuko wa nepi, chupa ya maji, busu kama kuna muda. Muda haukuwepo. Injini hazikuzimwa.

Usidhani tulikuwa peke yetu. Pita kwenye maegesho ya nyumba yoyote ya wazee pande zile saa ya kubadilishana zamu, utaona Waafrika wanapeana watoto madirishani kama watu wanaouziana mali ya magendo. Nyumba ya kulelea watoto ingemeza mshahara wangu na kurudi kuomba chumvi. Na wanawake wa kanisani, wale ambao ungewaambia dada nishikie mtoto, nao wako zamu. Mmoja wao, msomi, mwenye kazi ya ofisini na kiti kinachozunguka, alinishika bega baada ya ibada akaniambia nijipange. Jipange! Neno hilo nililichukia kuliko theluji. Nilikuwa na miaka ishirini na tano, mtoto hajafikisha mitatu, cheti cha kidato cha nne, na usingizi wa vipande vipande. Nijipange na nini?

Mume wangu hakuwa mvivu, niseme hilo mapema. Alikuwa mtu wa kimya anayefika na jasho na kuomba msamaha kwa macho. Nilimchukia kila siku kwa robo saa, pale nilipokuwa nimesimama na mtoto mkononi nikitazama barabara. Gari lake likikata kona, chuki inaisha, nampa mtoto, nakimbia. Wakati mwingine nilifika ndani nikiwa bado nimeshika kiatu kimoja cha mtoto.

Msimamizi wangu alikuwa Mkenya. Nesi kamili, mwanamke wa makamo, amepiga pasi mpaka kola. Alikuwa na desturi moja ambayo wote tuliijua: mambo ya kawaida alituambia kwa Kiswahili, mambo mabaya kwa Kiingereza. Nilipochelewa mara za kwanza alinitania. Alisema nyinyi wa-TZ mko pole pole sana, hata kuchelewa mnachelewa. Tukacheka. Baadaye, kwenye majira ya baridi, aliniita pembeni ya chumba cha dawa akaniambia kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba nikipiga kadi ya kuingia kazini nimechelewa mara moja nyingine, nisivue koti, nirudi nyumbani na nisije tena. Hakupandisha sauti. Nikamwambia nimeelewa. Nikaenda kumbadilisha nguo babu wa chumba cha mwisho bila kuvua koti, na babu akaniuliza kama nasikia baridi.

Kazi ile ndiyo ilikuwa kodi ya nyumba. Sina maelezo zaidi ya hapo.

Sasa, palikuwa na Bibi.

Chumba chake kilikuwa chini, karibu na mapokezi, dirisha linatazama maegesho. Mweusi pekee kati ya wazee wetu, Mmarekani wa kuzaliwa. Mrefu, mwembamba, nyonga imevunjika na kuungwa kwa chuma, kwa hiyo alitumia kiti cha magurudumu, na miguu yake ilikuwa mirefu kuliko kiti, magoti yakakaa juu kama ya panzi. Tulitakiwa kuwaita wazee kwa majina ya ukoo na adabu zao za Kizungu. Mimi nilishindwa. Mwanamke mwenye umri wa mama wa mama yangu, nimwite jina? Nikamwita Bibi. Aliniuliza maana yake, nikamwambia, akasema amekaa miaka yote hiyo kumbe cheo kilikuwa njiani.

Siku ya kwanza tu aliniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia. Akasema, "Kenya. Unakimbia?"

"Mimi Mtanzania, Bibi. Na sikimbii. Shuleni asubuhi wenzangu wakienda mchakamchaka mimi nilijificha chooni."

"Mkenya asiyekimbia," akasema. "Ndiyo maana unachelewa."

Nilikuwa nimechoka na nikakasirika. Nikamwambia, "Sawa, Jamaika."

Alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwani. Halafu akacheka kwa kukohoa. Tangu hapo nikawa Kenya na yeye akawa Jamaika, kila tulipotaka kuumizana kidogo. Wafanyakazi wengine walidhani tunagombana.

Ukutani kwake palikuwa na picha ya wasichana wanne weusi wamevaa fulana za timu ya taifa, mikono kiunoni. Wahudumu walidhani ni wajukuu zake. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo mpaka alasiri moja ya Januari, nikiwa nimepiga magoti namvalisha soksi, aliposema bila kunitazama:

"Wewe na mumeo mnapokezana vibaya."

Nilijua amekuwa akituona dirishani. Damu ilinipanda. Nilimwambia kwa adabu niliyobaki nayo kwamba mtu asiyekuwa kwenye ile baridi asinifundishe kushika mwanangu. Hakujali. Alisema tatizo si mume wangu. Alisema anatutazama kila siku na anajua kosa liko wapi.

"Mko wangapi?"

"Wawili."

"Mbio hizo ni za watu wanne. Wengine wako wapi?"

Mama yangu alikuwa Morogoro. Dada yangu Dodoma. Mama mkwe kaburini. Nikavuta soksi ikapita kisigino.

Ndipo akanionyesha picha. Yule wa tatu kutoka kushoto, aliyekunja uso, ni yeye.

Alinisimulia vipande vipande, kila siku kipande, kwa sababu nilikuwa na muda wa kuvalisha na kuvua tu. Alisoma chuo cha watu weusi huko Kusini mwa Marekani, chuo ambacho kama huna ndugu aliyesoma pale hujawahi kukisikia. Uwanja wao wa kukimbilia ulikuwa wa udongo, nyuma ya bwalo la chakula, mvua ikinyesha unageuka bwawa. Ikawa mvua ikinyesha wanafanyia mazoezi kwenye korido ya bweni, na kijiti chao cha kupokezana kilikuwa mguu wa meza uliokatwa kwa msumeno. Mkufunzi wao alikuwa mwalimu wa historia ambaye hakulipwa kitu kwa ajili ya mbio. Alfajiri wasichana walikimbia, mchana walisoma, jioni walifua mashuka ya chuo ili wasome bure. Wakienda mashindanoni walijazana kwenye gari la huyo mwalimu na kuku wa kukaanga na mayai ya kuchemsha kwenye maboksi, kwa maana njiani hapakuwa na mgahawa wa kuwahudumia wala choo cha kuwafungulia. Walijisaidia vichakani, wakavaa vizuri, wakaenda wakawashinda watu waliolala hotelini.

"Wakati ule," aliniambia, "timu ya wanawake ya nchi nzima ilijaa wasichana wa vyuo vyetu. Ukitaka kupata timu ya taifa, unakwenda kupiga hodi kwa watu usiotaka kula nao."

Nikamuuliza kama alishinda medali. Hapo ndipo nilipojua kwa nini amekunja uso kwenye picha. Olimpiki yake ilikuwa moja, na katika mbio za kupokezana vijiti yeye alikimbia zamu ya tatu, ile ya kwenye kona. Zamu ya tatu hakuna anayeiangalia, alisema. Wapiga picha wanakaa mwanzo na mwisho. Walimaliza wa nne.

"Kijiti hakikuanguka," akasema. "Nataka ulijue hilo. Tulizidiwa tu. Kuangusha na kuzidiwa ni vitu viwili."

Waliporudi, alipanda basi kwenda kwao akiwa na sare ya nchi kwenye begi, na dereva akamwonyesha akae nyuma, kwenye viti vya watu weusi. Baadaye akaja huku kaskazini, akafundisha michezo mashuleni Saint Paul mpaka akastaafu. Akaolewa, akafiwa, mwanawe akahamia mbali kwenye joto. Ndiyo hivyo. Mtu amekimbia mbele ya dunia, sasa anasubiri mimi nimvue soksi.

Wiki ile ile ya onyo la mwisho kutoka kwa msimamizi, theluji ilishuka mchana na nikajua mume wangu hafiki. Nilisimama maegeshoni na mtoto ndani ya koti langu. Nikatazama barabara, nikatazama mlango, nikatazama barabara. Kisha dirisha la Bibi likagongwa kutoka ndani. Alikuwa ananiita kwa mkono. Alijisukuma mwenyewe mpaka sebule ya mapokezi, na nilipoingia alikuwa ameshakaa pale karibu na mlango, blanketi magotini, mikono imenyooshwa.

"Mimi ni mkaazi," akasema. "Mkaazi anaruhusiwa wageni. Huyu ni mgeni wangu. Lete."

Sikufikiri. Kwetu, mtu mzima akikunyooshea mikono kuomba mtoto, unampa. Huulizi ana cheti gani. Nimekulia mgongoni kwa bibi wa nyumba ya tatu ambaye hata undugu hatukuwa nao. Nilimweka mwanangu kwenye yale mapaja marefu, nikampa Bibi simu yenye namba ya mume wangu, nikapiga kadi mapema kidogo, na nikaingia kwenye kikao cha kupokea zamu nikiwa nahema kama niliyeiba.

Nilipotoka kikaoni mtoto alikuwa ameshachukuliwa. Mume wangu alikuwa amefika, amepokea, ameondoka. Bibi alikuwa pale pale, uso umewaka.

"Kenya," akasema, "mumeo ana mikono mizuri. Miguu tu ndiyo mibovu."

Ikawa desturi yetu. Majira yote ya baridi na masika na kiangazi kilichofuata, nilifika, nikampa, nikaingia. Saa ile wafanyakazi wote walikuwa kikaoni nyuma, pamoja na msimamizi, ambaye ndiye aliyekiongoza. Mtu wa mapokezi na wageni wengine, Wazungu, waliona mtoto mweusi amekaa na bibi mweusi, wakamaliza hesabu wenyewe. Walimsifu Bibi kwa kitukuu chake. Walisema wamefanana. Wamefanana nini? Bibi alishukuru kwa heshima zote na kunikonyeza. Sijawahi kufurahia ujinga wa watu kama nilivyoufurahia ule.

Sikuchelewa tena hata siku moja. Msimamizi alirudi kwenye Kiswahili. Aliniuliza nimefanya nini, nikamwambia nimejipanga.

Kama nilijua hairuhusiwi? Nilijua. Siku ya kuajiriwa walitukalisha kwenye chumba wakatuambia kwamba mfanyakazi hapokei chochote kwa mkaazi, si zawadi, si pipi, si msaada. Tuliitikia kwa vichwa. Lakini kichwa kinaitikia Kiingereza, mikono inafanya inachokijua. Na nikuambie jambo lingine. Kabla ya mwanangu, yule mama alikaa kwenye chumba chake siku nzima mbele ya televisheni, na hiyo ikaitwa kutunzwa. Akaanza kuomba nywele zake zichanwe kabla ya saa tisa. Akaanza kula. Hiyo nayo ikaitwa, baadaye utasikia ikaitwa nini.

Alimfundisha mtoto kupokezana. Ilianza kama mchezo wa kumtuliza. Walitumia lile bomba la karatasi ngumu linalobaki karatasi za kufutia mikono zikiisha. Anayepokea, Bibi alimwambia, hatazami nyuma. Anaanza kukimbia kabla hajapata kitu, ananyoosha mkono nyuma, kiganja wazi, anaamini. Kazi yote ni ya anayetoa. Yeye ndiye anayeita, yeye ndiye anayehakikisha kimekaa mkononi, ndipo anaachia. Alitaka neno la kuita, neno fupi la kwetu. Nikampa "shika." Basi ukipita sebuleni unamsikia yule bibi wa Kusini anasema "shika" kwa sauti ya jeshini, na mwanangu, ambaye nyumbani ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, naye anasema "shika" na kukuwekea bomba mkononi. Alimfanyia hivyo baba yake. Alimfanyia mchungaji kanisani na kijiko.

Agosti ikaja Olimpiki ya China. Bibi hakutaka kuoga wala kulala, alitaka televisheni. Wajamaika walizoa medali za mbio fupi na mimi nikapata raha ya bure. Nilikuwa nikiingia chumbani kwake nasema, "Hongera, Jamaika," na yeye ananirushia kitambaa.

Halafu timu za nchi yake zikaangusha kijiti. Ya wanaume ikaangusha, ya wanawake ikaangusha, siku moja, makabidhiano yale yale, ya wa tatu kwenda kwa wa mwisho. Kesho yake televisheni ilikuwa inarudia na kurudia, kijiti kinadunda chini, msichana ameshika kichwa. Nilimkuta Bibi sebuleni ameshachanwa nywele, mikono imekunjwa, hana utani. Nikampa mtoto. Akampokea bila kunitazama.

"Hao watasemwa mpaka wafe," akasema. "Sisi hatukuangusha, tukazidiwa, na hakuna aliyewahi kutusema. Sijui kipi kibaya zaidi."

Nilikuwa nachelewa kikao. Nikamwambia tutaongea jioni nikija kumvua soksi. Nikaingia.

Siku ile kikao hakikuwa kikao. Nesi wa zamu iliyopita aliumwa akaondoka mapema, msimamizi akasoma mambo mawili matatu akasema kila mtu aende kwa wazee wake. Tulitoka sote pamoja, yeye mbele, amegeuza shingo ananiambia mimi habari ya babu wa chumba cha mwisho, mkono wake wa kulia ukining'inia nyuma, kiganja wazi, kama mtu anayetembea tu.

Korido ile ni ndefu na inang'aa. Nyuma yetu, kutokea upande wa sebule, nilisikia viatu vidogo.

Bibi alikuwa ameamua kwamba mtu mmoja katika nchi hii atajifunza makabidhiano ya mwisho kabla siku haijaisha. Alikuwa amemwachia mtoto akimbie. Nilimwona mwanangu anakuja, bomba mbele, amekaza midomo, hatazami mtu yeyote isipokuwa kile kiganja kilichofunguliwa. Nilikuwa na muda wa kusema kitu na sikusema. Alimpita kila mtu, akamfikia msimamizi, akamsukumia bomba mkononi na kupiga kelele:

"Shika!"

Na msimamizi akashika. Mkono ulijifunga wenyewe.

Mtoto angesema neno jingine lolote, pengine ningepona. Kitukuu cha bibi Mmarekani hakisemi shika. Msimamizi alilitazama bomba, akamtazama mtoto, kisha akanitazama mimi. Wahudumu wengine wamesimama, wametega masikio. Bibi alikuwa anakuja na kiti chake, anasukuma magurudumu kwa nguvu.

Msimamizi akauliza kwa Kiingereza huyu ni mtoto wa nani.

"Mgeni wangu," Bibi akasema kutoka mbali.

"Mgeni wako anajua Kiswahili?"

"Mgeni wangu anajua mengi."

Msimamizi hakucheka, lakini hakusonga pia. Nilimwona anasubiri. Alinipa nafasi, naamini hivyo mpaka leo. Ningenyamaza, angeweza kugeuka na kuendelea na habari ya babu. Lakini mwanangu alikuwa ameshanikumbatia mguu, ananiuliza kwa Kiingereza chake, mama, nimeshinda? Kila mtu anaona. Nimkane mtoto mbele ya macho yake kwa ajili ya kazi ya kuvua watu soksi? Nilikuwa nimechoka. Hasira yangu yote ya mwaka mzima ilikuja mpaka kooni, nikatafuta wa kumtukana, nikakuta sina.

"Wangu," nikasema. "Na umeshinda, mwanangu."

Ofisini mlango ulifungwa na Kiingereza kikaendelea. Hakuwa mkali. Alisema mambo mengi ambayo kwa kifupi ni haya: nimemtumia mkaazi. Mtu dhaifu aliye chini ya ulinzi wetu, nimemfanyisha kazi bila malipo kwa faida yangu. Mwenye nyonga ya chuma. Akianguka? Mtoto akianguka? Hilo la kuanguka lilikuwa kweli na sikubishana nalo. Nilibishana na lile la kwanza.

Nikamuuliza kwa Kiswahili, makusudi, "Nimemfanyisha kazi gani, dada? Kumpakata?"

Ndipo naye akanijibu kwa Kiswahili, mara moja tu. "Sheria haijui bibi. Sheria inajua mkaazi."

Nikavua kitambulisho shingoni nikakiweka mezani.

Wiki chache baadaye daraja jipya lilifunguliwa na mume wangu akaanza kufika mapema popote alipokwenda, hana wa kumpokea. Nilicheka siku ile mpaka akaniuliza kama niko sawa. Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile nilitoka na mtoto mkononi, nikakaa kwenye boneti ya gari langu maegeshoni, jua la Agosti linachoma bati, nikamsubiri baba yake. Kwa mara ya kwanza sikutazama saa.

Mlango ukafunguka, akatoka msimamizi. Nilidhani nimesahau koti. Alikuwa ameshika lile bomba. Alikuja nalo mpaka mbele ya mtoto, akasimama hajui alirudishe vipi, mwishowe akaliweka kwenye boneti kama kitu cha kuvunjika.

"Wangu wako Nakuru kwa mamangu," akasema. "Wawili. Yule mdogo nilimpeana akiwa bado ananyonya."

Nikamtazama kola yake iliyopigwa pasi.

"Sasa ananiita auntie kwa simu," akasema. Akageuka akarudi ndani.

Nilitaka kumchukia. Ningelala vizuri zaidi. Mpaka leo nikimkumbuka nakuta mahali pa kumchukia pamejaa kitu kingine, na ninakasirika upya.

Gari la mume wangu likakata kona, limechelewa, kama kawaida. Akaruka nje injini ikinguruma, mikono imenyooshwa, macho yanaomba msamaha, kisha akaniona nimekaa. Alinitazama sina kitambulisho shingoni, sina haraka. Alirudi akazima injini, na ule ukimya ulikuwa mgeni kabisa, hatukuwahi kuusikia mahali pale.

"Leo simpokei?" akasema.

Nilitaka kumweleza yote, daraja, korido, kiganja. Nikasema tu, "Tumezidiwa."

Mtoto hakuona sababu ya kusimamisha mchezo kwa ajili yetu. Alichukua bomba lake kwenye boneti, akanyanyua uso kutazama dirisha la chini. Bibi alikuwa pale. Wamemrudisha chumbani, kiti kimesukumwa kinyumenyume mpaka kimegusa kioo. Alikuwa ametugeuzia mgongo. Kwa dakika nzima nilidhani ametukasirikia. Kisha nikaona mkono wake wa kulia umenyooshwa nyuma kuelekea kwetu, kiganja wazi, vidole vile virefu vimetulia kwenye kioo, na kichwa hakigeuki.

Mwanangu akakimbia kwenye nyasi, akafika dirishani, akaligonga lile bomba kwenye kioo, mahali pa kiganja. Alisema neno lake. Kutoka ndani hatukusikia kitu. Tuliona tu vile vidole vinajifunga.